Mawe Matatu ya Kiunoni mwa Mfalme

Mliponiaga karakanani kwa keki kubwa kuliko hotuba, mlinitaka niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Nimerudi nyumbani Vihiga, miguu iko juu ya kigoda, na simu haiiti tena alfajiri kuniambia basi la kampuni limefika. Basi nimeanza. Nani alipandishwa cheo na nani aliongezwa mshahara, hayo hamtayapata hapa, maana mengi nilishayasahau na yaliyobaki yananiudhi. Nitawaandikia jinsi ya kulaza kitu cha watu kikaamka salama.

Dubai sikuijia kwa ajili ya makumbusho. Nilikuwa fundi cherehani soko la Chavakali, nikaja kusafisha maofisi. Tulikaa Muhaisnah, wanawake wengi chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, na foleni ya bafu iliyokuwa na siasa zake. Siku moja kampuni ikanipeleka kusafisha karakana moja Al Quoz, mahali ambapo vitu vya thamani hufungwa na kufunguliwa kwa ajili ya maonyesho. Ndani nikamkuta mzee mmoja amevaa kofia ya kiua na miwani imeshuka puani, anautazama mto wa kulalia chungu cha kale kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi.

"Nani kashona takataka hii?" akauliza, hakumwuliza mtu.

"Hapo hakuna aliyeshona, mzee," nikasema na ufagio mkononi. "Hapo mtu amefunga gunia."

Akageuka. Huyo ndiye Mzee Haji, mkuu wa karakana, ambaye wengi wenu mlimkuta amestaafu. Alizaliwa Deira katika nyumba ya Wazanzibari, akalelewa kwa Kiswahili cha Unguja, na akikasirika alihamia Kiarabu ili asikasirike kwa lugha ya mama yake. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. "Wewe wajua kushona?"

"Ndiyo kazi niliyoiacha nyumbani."

"Basi weka ufagio huo, njoo ukae hapa."

Hayakuwa mepesi hivyo, mnajua. Kafeel wangu, yaani mdhamini aliyeshika viza yangu, ilibidi akubali, karatasi zikazunguka, inshallah zikawa nyingi. Lakini mwishowe nikahamia kule, na baadaye nikapata kona ya kulala International City pamoja na dada wawili wa Kisii, ambao hadi leo wananipigia simu.

Siku yangu ya kwanza Mzee Haji alinipa mtungi wa udongo wa bei ya chini, ulionunuliwa soko la Naif, akaniambia niufunge vile ninavyoona inafaa. Nilijitahidi. Nilikata sponji, nikazungushia kitambaa, nikafunga sanduku nikaridhika. Akalichukua, akatoka nalo mpaka kwenye ngazi za nje, akalisukuma kwa mguu likaporomoka hadi chini. Nilidhani mzee amerukwa na akili. Akashuka polepole, akaliinua sikioni, akalitikisa.

"Lalia, sikiza," akasema. "Mama Rosa, kitu kinacholia ndani ya sanduku kimeshavunjika, au kinangoja siku yake."

Tulimaliza mitungi yote ya muuzaji yule wa Naif kabla sijafunga sanduku lililonyamaza. Nyinyi mlioingia juzi mna mashine za kupima mitikisiko, nami sizidharau, lakini wekeni sikio pia. Na kwa sababu mliniuliza kila mara: sponji hukatwa kwa kisu kirefu cha mkate, chenye meno, wala si kwa wembe. Jiwe lililong'arishwa hushikwa kwa glavu za mpira, kwani za pamba huteleza. Utepe wa kufungia uwe wa pamba, fundo lake likae mbali na kitu. Na usivae pete. Nimewaona watu wakubwa wakibishana kuhusu pete ya ndoa mbele ya sanamu, na sanamu haikuwa na haja na ndoa ya mtu.

Miaka ikaenda. Tulifunga taa za kioo, tukafunga panga, tukafunga farasi wa shaba ambaye mkia wake ulisafiri peke yake. Wasswa akajiunga nasi katika miaka hiyo, Mganda mwenye mabega mapana aliyewahi kuwa mlinzi wa lango. Alikuwa mtu wa kanisani, mpole, na akiwa karibu na meza yenye kitu cha thamani alirudisha mikono nyuma akaishikanisha. Ile ni tabia njema kuliko cheti chochote. Mwigeni.

Sasa niwaambie kuhusu mawe matatu, maana ndiyo kazi ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote, na pia ndiyo iliyonipunguzia uzito.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Yaliletwa maonyesho ya Wamaya, watu waliojenga miji ya mawe kwenye misitu ya Amerika ya Kati zamani sana, wakawa na wafalme, na wakaandika majina ya wafalme hao kwenye kila kitu kilichokubali kuchorwa. Pamoja na masanduku akaja msindikizaji. Kitu kikikopeshwa, mwenyewe humtuma mtu wa kukaa nacho njiani, na huyo ndiye mwenye neno la mwisho: asipoitikia kwa kichwa, sanduku halifunguliwi. Wa safari hii alitoka Guatemala. Aliitwa Ofelia, mama mfupi wa rika langu, nywele za mvi amezisuka msuko mmoja mgongoni, sweta haimtoki mwilini kwa sababu ya viyoyozi vyetu. Mimi nilimwita Mama Ofelia. Yeye aliniita Doña Rosa, akanieleza kwamba kwao ndivyo mtu mzima anavyoitwa kwa heshima. Kiingereza chake kilikuwa cha kuvunjavunja na changu kilikuwa cha Chavakali, tukaelewana vizuri kuliko wengi waliosoma pamoja.

Masanduku matatu madogo aliyashika mwenyewe. Ndani ya kila moja lilikuwamo jiwe gumu la kijani liitwalo jade, bapa, refu kama kiganja na vidole vyake, limetobolewa juu. Upande mmoja amechorwa mfalme amesimama na mapambo yake yote, kiasi kwamba mtu mwenyewe humwoni vizuri. Mkononi ana fimbo yenye umbo la mungu ambaye mguu wake mmoja ni nyoka. Upande wa pili ni maandishi, vijumba vidogo vya picha vilivyopangwa kushuka chini. Mawe hayo yalining'inia mbele ya mkanda wa mfalme, chini ya kichwa cha jiwe ambacho kilipotea zamani.

Wakati wa chai Ofelia alitusomea, kidole chake hewani bila kugusa. "Hili la kwanza ni siku. Siku fulani, imeandikwa yote. Hili la pili: alifungwa kitambaa kichwani. Maana yake alitawazwa. Hili la tatu: jina lake, na mji wake."

"Kitambaa cha nini, nyabo?" Wasswa akauliza.

"Si cha pamba. Ni gome la mti, limepigwapigwa mpaka limekuwa laini."

Wasswa akaweka kikombe chini. "Eeh. Lakini hata sisi. Kwetu Buganda, Kabaka akitawazwa wanamvisha lubugo. Inatoka kwa mti wa mutuba, wanapiga na nyundo ya mbao mpaka inapanuka." Akaonyesha kwa mikono. Ofelia alimtaka arudie, kisha arudie tena, akamshika mkono kama amekutana na mtu wa ukoo. Mzee Haji naye hakutaka kubaki nyuma. Akauliza wafalme hao walikalia nini. Akaambiwa kwamba alama yao mojawapo kuu ilikuwa mkeka, hata mtawala aliitwa mwenye mkeka.

"Kwetu mkeka ni wa watoto na wagonjwa," nikasema. "Mkubwa hupewa kiti."

"Mkeka ni mkeka, Mama Rosa," Mzee Haji akajibu. "Swali ni nani kaukalia."

Tulicheka. Lakini Ofelia hakucheka kwa muda mrefu, na baadaye tukiwa wawili mezani nikamwuliza kinachomsumbua. Akanieleza. Mawe yale yalifika kwenye makumbusho yao kwa nyakati tofauti, mikononi mwa watu tofauti. Kila moja lilipewa namba yake na droo yake, na watu wakasahau. Yeye ndiye aliyegundua, akiwa bado msichana kazini, kwamba maandishi yanaanza kwenye jiwe moja na kumalizikia kwenye la tatu. Alikuwa ameomba maisha yake yote ya kazi yawekwe pamoja. Kila mkurugenzi alikuwa na sababu yake. Huyu wa sasa alikubali nusu: yaende Dubai, yaonyeshwe pamoja, na yakirudi bila alama hata moja yatawekwa pamoja daima chini ya namba moja. Lakini yakirudi na alama, au yakirudi bila kuonyeshwa, yatarejeshwa kwenye droo zake na habari imekwisha. Naye Ofelia alikuwa anastaafu mwaka huohuo.

"Ukiyatenganisha," akaniambia, "hapa una siku ambayo halikutokea jambo. Hapa una jambo ambalo halina mtu. Na hapa una mtu ambaye hakufanya lolote."

Maneno hayo yaliniingia. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa na mtoto mmoja Nairobi, mmoja Doha na mmoja kwa mama yangu, nikaendelea kukata sponji.

Matata yalikuja na Sir Julian, mpangaji wa maonyesho. Msimdhanie vibaya. Alikuwa mtu mrefu mwenye adabu, aliyewasalimia wafagiaji kwa majina. Alikuwa amemtengenezea mfalme kiwiliwili cha mbao, amemvika mkanda, na alitaka mawe yenyewe yaning'inie kwenye mkanda huo karibu karibu, yakigusana.

"Mfalme huyu alisikika kabla hajaonekana," akatuambia. "Akitembea, mawe yaligongana. Ndiyo sauti ya utawala wake. Tukiyalaza kwenye mto, tumewaonyesha watu vipande vya jiwe tu."

Tatizo ni kwamba alisema kweli, na kweli yenyewe aliipata katika maandishi ya Ofelia. Kwa kila mtu ukumbini jambo lilikuwa limekwisha. Mialiko ilikuwa imetumwa. Ofelia akainua macho kwenye dari, akaona mdomo wa kiyoyozi uko juu ya kichwa cha mfalme. Mnajua viyoyozi vya Dubai. Nje watu wanaiva, ndani wanavaa makoti.

"Hapana," akasema.

"Madam, upepo huo ni mdogo sana."

"Hapana, Sir."

Akaja kukaa kwenye kona yangu. Mikono yake ilikuwa baridi. Akikubali, mawe yatagongana siku nzima kwa wiki kadhaa, na alama haitakosa kutokea. Akikataa na Sir Julian naye akashikilia, mawe yatabaki kwenye masanduku, na huko nako kungekuwa kurudi bila kuonyeshwa. Njia zote mbili zilimpeleka kwenye zile droo. Nilimhurumia sana, nikamchemshia chai.

Ni Mzee Haji aliyelifungua fundo hilo. Alikuwa akitusikiliza huku akipanga misumari yake kwa ukubwa. "Huyo bwana ataka mlio," akasema. "Mpeni jiwe jingine limlilie. Lile la mama liachwe lipumzike."

Nyuma ya karakana yetu, mitaa miwili tu, alikuwapo fundi mmoja wa Peshawar aliyekata mawe ya meza za jikoni. Mimi na Wasswa tukamwendea na michoro ya Ofelia. Akatuuliza jiko gani hilo lenye kaunta nyembamba hivyo. Tukamwambia ni la mfalme. Akasema mafi mushkil, hakuna tatizo, hata wafalme hupika, akatafuta mabaki ya jiwe la kijani, akayakata, akayatoboa, akayang'arisha. Tulipoyarudisha, Sir Julian alinyanyua nyusi, lakini akakubali tuyajaribu.

Tukayafunga kwenye mkanda wa mfalme wa mbao. Mwanzoni hayakufanya lolote. Kisha kiyoyozi kikavuta pumzi, mawe yakasogea, yakagusana.

Nimefanya kazi ya kunyamazisha vitu miaka mingi. Sijui niwaeleze vipi mlio ule. Ulikuwa mwembamba, mkavu kidogo, ukinikumbusha njuga za miguuni mwa wachezaji wa kwetu wanapokuja kutoka mbali na bado hujawaona. Wafanyakazi wote walisimama. Wasswa alivua kofia, na sidhani alijua ameivua. Ofelia aliweka kiganja mdomoni. Alikuwa ameyasoma mawe yale maisha yake yote wala hajawahi kuyasikia, kwani nani angethubutu kuyagonganisha. Akalia waziwazi mbele yetu, kisha akasema, "Kumbe alitembea hivi." Nami nililia, sioni haya kuandika.

Tuliyaacha yaning'inie. Asubuhi iliyofuata Wasswa alikuwa wa kwanza kufika, akaturudisha nyuma kwa mkono tusikanyage. Chini ya mfalme, kwenye zulia jeusi, palikuwa na kipande kidogo cha kijani, kama ganda la kucha. Kilitoka ukingoni mwa jiwe la katikati. Ofelia alikiokota kwa kibano, akaenda nacho mpaka kwa Sir Julian, akakiweka katika kiganja chake.

Yule bwana akakigeuza kwa ncha ya kidole. "Nimeelewa, madam," akasema. "Naomba radhi."

Na ndipo akatoa wazo ambalo sisi hatukuwa nalo, nami lazima nimpe haki yake. Mawe ya fundi wa jikoni yabaki kwa mfalme, yalie. Yale ya kweli yasimame pembeni ndani ya kabati la kioo, wima, yakifuatana, na nyuma yake pawekwe kioo cha kujitazamia. Hapo mtu anamwona mfalme kwa mbele na maandishi kwa nyuma, bila kuyagusa. Julian alikuwa na kichwa kizuri. Alikosa woga tu, na woga huo tulimwazima.

Kazi ya kuyasimamisha ikawa yangu na Mzee Haji. Yeye alikunja vikono vya shaba nyembamba, mimi nikavivika mirija laini, nikashona kijikalio kwa kila jiwe, na kwa juu nikalizuia kila moja kwa utepe wa pamba mwembamba kuliko wowote niliowahi kukata. Ofelia alikaa karibu akiyapanga, akisogeza kwa unywele. Siku, tendo, mtu. Maonyesho yakafunguliwa, watu wakaja kwa wingi, watoto wa shule wakasimama mbele ya mfalme wakingoja kiyoyozi. Walinzi wa zamu, vijana wetu wa Kenya, walilalamika kwamba mlio ule unawafuata mpaka kwenye basi. Nikawaambia wazoee, wanalinda mkubwa.

Siku ya kufungasha ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Kabla kitu hakijarudi sandukuni hukaguliwa kama kilivyokaguliwa kilipofika. Ofelia akawasha taa yake ya mezani, akatoa lenzi. Jiwe la kwanza akaligeuza, akaliinamia, akaliweka. Safi. La pili, lile ambalo mwenzake wa bandia alimeguka, alilikagua mara mbili. Safi. La tatu akaligeuza upande wa maandishi, na mkono wake ukasimama.

"Doña Rosa. Njoo utazame."

Nikainama. Ndani ya jina la mfalme, karibu na tundu, palikuwa na mstari mweupe mwembamba, mweupe kama mkwaruzo mpya. Wasswa alirudi nyuma hatua, mikono mgongoni. Nikamsikia Mzee Haji akisema taratibu, "Ya Latif."

Ofelia alipitisha brashi laini. Mstari haukuondoka. Akapitisha tena. Haukuondoka. Hakututazama. Akachukua kijiti cha mwanzi, kile kilichochongwa ncha, akakisogeza ndani ya mchoro polepole mno, nami nikagundua kwamba sipumui. Ncha ikanasa. Mstari ukainuka. Ulikuwa uzi, uzi mmoja wa utepe wangu wa pamba, ulikuwa umejilaza ndani ya jina. Chini yake jiwe lilikuwa kijani, zima.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee Haji aliketi kwenye sanduku. Mimi nilimwuliza Mungu kwa nini ananifanyia hivi katika umri wangu. Ofelia akauweka uzi ule kwenye karatasi nyeupe, akazima taa, akatoka na simu. Tulimsikia kwenye ujia akisema na mkurugenzi wake kwa Kihispania, kwanza haraka, halafu kimya cha kusikiliza, halafu neno moja moja. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafungua yale masanduku matatu na kuyapanga mezani, mito yake nimeipiga vumbi.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na uso umetulia. Akayatazama masanduku yangu, akayafunika moja baada ya jingine.

"Hayo hapana," akasema. "Nikatie moja."

"Moja, mama? Yalikuja kwenye matatu. Kila kitu na sanduku lake, ndiyo sheria."

"Ndiyo sheria," akakubali. Akakata vile vibandiko vitatu vya namba, akavitia mfukoni mwa sweta, akaandika kimoja kipya chenye namba moja na kukiweka mbele yangu. "Kitu ni kimoja."

Nikatafuta sponji pana kuliko zote tulizokuwa nazo, nikachonga vitanda vitatu upande kwa upande, kila kimoja na ukuta wake. Ofelia alisimama kando bila kunielekeza lipi lianze. Nikayalaza kama yanavyosomwa.